Rota Ndani ya Koti la Kasiani

Felista alikuwa utingo kabla hajawa mjane. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wengi wa pale Nanyala walikuwa wamelisahau, na kusahau kwao ndiko kulikowafanya wacheke siku ya kikao.

Mumewe, Kasiani, alikuwa na pikapu ya zamani ya petroli, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Rangi yake ilikuwa ya kijani, imepauka hadi kufanana na jani la mgomba lililokauka. Aliitumia kubeba kahawa na mahindi ya watu kutoka ndani ya Igamba hadi barabara kuu, na mara nyingine wagonjwa. Utingo wake wa kwanza alikimbilia Tunduma, wa pili akauza jeki. Kasiani akachoka, akamwambia mkewe, "Panda wewe, angalau jeki nitaiona." Miaka sita yule mama alikaa kiti cha pembeni. Yeye ndiye aliyeruka kwenye matope kuweka kigingi nyuma ya tairi, yeye aliyezungusha handeli ya kuwashia injini asubuhi za baridi, yeye aliyefunga friwili, yaani vile vifundo vya magurudumu ya mbele ambavyo lazima mtu ashuke avigeuze kwa mkono ndipo magurudumu hayo yavute. Penye njia nzuri Kasiani alimwachia usukani, akalala.

Mimi nilikuwa nazibia watu sufuria na kandili, natembea njia yote ya Mbozi mpaka Ileje, na pale kwao nililala mara nyingi. Kasiani hakuwa mtu wa kukuacha upite bila kula.

Mwaka 1992 rejeta ikapasuka mlimani, injini ikachemka mpaka ikakwama. Gari likavutwa na ng'ombe hadi nyumbani, likalazwa upande wa chini wa nyumba, pale kiwanja kinapoishia kabla ya migomba. Kasiani akafungua boneti akatoa rota, kama alivyofanya kila alipolaza gari. Rota ni kijidude kidogo, chaenea kiganjani, rangi ya ugoro, kina kipande cha shaba kichwani. Hukaa ndani ya distributa kikizunguka, na kazi yake ni kuigawia kila plagi moto kwa zamu. Ukikitoa, gari haliwaki hata ungekuwa mwizi hodari namna gani. Akakitia kwenye mfuko wa koti lake la kaki, na kwa kuwa mfuko ulikuwa umetoboka, kikateremka ndani ya bitana. Kasiani akakipapasa kwa nje, akasema, "Hapo hapo pamekifaa." Kikakaa humo miaka miwili na zaidi, Kasiani akisubiri vipuri ambavyo havikupatikana. Kisha kifua kikamshika. Novemba 1994 tukamzika.

Kwa ukoo ule, siku ya tatu baada ya maziko nguo za marehemu hugawanywa. Shati kwa huyu, viatu kwa yule, na koti ni la mdogo anayemfuata. Mdogo aliyemfuata Kasiani ni Nikodemo, mtu mrefu, mwepesi wa maneno, mkulima mzuri lakini. Mzee Yonathani, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akamkabidhi koti. Nikodemo akalivaa palepale. Likamkaa. Akasimama nalo mbele ya watu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia siku ile.

"Wazee wangu, kaka ameacha watoto wawili. Watoto ni wetu. Shemeji hatumchukii, ila hana cha kuwalishia. Kahawa yenyewe ni miche mingapi? Mimi nasema arudi kwao Isongole kwa heshima, watoto wabaki. Na yale machuma pale chini tukate ekseli, tutengeneze mkokoteni wa ng'ombe. Mengine mafundi wa Tunduma watachukua."

Mzee Yonathani akamgeukia mjane. "Mama Fausta, umesikia. Watoto utawalisha kwa nini?"

"Kwa gari, baba."

Na wakati uleule kuku akatoka dirishani mwa gari, akashuka kwenye boneti, akatangaza yai lake. Watu walicheka msibani, Mungu awasamehe. Hata mimi nilikaza midomo.

Felista hakucheka. Akasema, "Wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kuingia. Msimu ujao watanunua mpaka Igamba ndani, na malori yao hayafiki kule. Litakalofika ni hili."

"Hili lenye kuku?" Nikodemo akauliza.

"Hilihili, shemeji."

Mzee Yonathani akatoa neno. "Matanga tunamaliza Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Siku hiyo gari hilo lipande lenyewe mpaka barabarani, lisisukumwe, lisikokotwe, wala mtu mwingine asiliguse. Likipanda, nyumba ni yake, watoto ni wake, gari ni lake. Lisipopanda, atashika njia ya Isongole na gari litakatwa. Nimemaliza."

Watu wakatawanyika. Nikodemo akawa anapanda mteremko kwenda kwake, pindo la koti likimgongagonga nyongani. Ndipo nilipomwona Felista anashika mdomo. Alikuwa amekumbuka rota.

"Mkimbilie," nikamwambia.

"Nimwambieje? Nimwambie umevaa roho ya gari? Kesho itakuwa chooni."

Alisema kweli. Akaingia ndani, na tangu siku hiyo siri ile ikawa ya watu wawili tu.

*

Kazi ilianza na kuku. Alijenga banda jipya kwanza, kwa sababu alisema hawezi kuwafukuza wazazi bila kuwapa nyumba. Kiti cha dereva kilikuwa kimebaki springi tupu. Sakafu upande wa utingo ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi. Kwenye kabureta nyigu walijenga kwa udongo, na tangi la petroli ulipolitikisa lililia kama kayamba.

Injini ilikuwa imekwama. Felista alitoa plagi zote, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika kila tundu, akaziba kwa matambara, akaacha. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alitia handeli akaisukuma, nayo ikakataa. Siku ya kwanza ikakataa, ya tano ikakataa. Siku ya tisa nilikuwa nimeketi naziba sufuria ya jirani nikasikia "kok", kama mtu mzima anayetegua kidole. Nikageuka. Alikuwa amesimama, mikono bado kwenye handeli, machozi yanamtiririka wala hajipangusi.

"Imegeuka?"

"Robo," akasema. "Imegeuka robo."

Nikakaa. Sikuwa na mahali pa kuwahi. Rejeta niliitia risasi mimi mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa moto wa makaa. Sakafu alikata bati la pipa akaligonga mpaka likakubali umbo. Breki, klachi na springi iliyovunjika vilikuwa kazi ya Yahaya, fundi wa Tunduma. Alikuwa mtu wa Kondoa, aliyekuja mpakani na malori akabaki, akaoa, akafungua gereji. Kasiani aliwahi kumkuta ameharibikiwa na gari usiku wa mvua akamvuta bila kumdai kitu, na Yahaya hakuwa mtu wa kusahau. Kila Jumapili alishuka Nanyala na mfuko wa spana, na mwezi wa pili akaja na betri ya kuazima. Stata ilikuwa imeungua, lakini kwa handeli hilo halikuwa tatizo.

Siku ya betri alichomoa waya wa koili akausogeza kwenye chuma, akamwambia Felista azungushe. Cheche ya buluu ikaruka. Yahaya akatabasamu, akafungua kifuniko cha distributa, tabasamu likaisha.

"Mama Fausta, moto upo. Wa kuugawa hayupo. Rota iko wapi?"

Felista akamwambia. Yahaya akakaa chini kwenye tope.

"Ndani ya koti la shemejio?"

"Ndani ya bitana."

"Allah! Basi nitakutafutia nyingine." Akaitazama distributa tena, akaisogelea. "Subiri. Hii si ya gari hili."

Kweli haikuwa. Ya mwanzo ilikufa zamani, na Kasiani alifunga nyingine aliyoiokota Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kutoka kwenye gari lililopinduka. Aliichonga shina ikaingia. Ilikuwa akili yake mwenyewe, na sasa akili ile ilikuwa inatuua. Felista na Yahaya wakavuka Nakonde, wakapita kwa wauza vipuri mmoja mmoja wakiwa na kifuniko mkononi. Kila mmoja aligeuza kifuniko, akakirudisha. "Takuli, mayo. Takuli." Hakuna, mama, hakuna. Ile lugha ya ng'ambo Felista hakuijua, lakini neno hilo alirudi analo nyumbani.

Yahaya akaagiza distributa nzima kwa dereva wa lori aliyekuwa akienda Dar es Salaam. Ikaja wiki ya Pasaka. Shina lake lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Zilibaki siku kumi na mbili.

*

"Nitamwendea shemeji," Felista akasema.

"Utasema nini?"

"Nitasema naomba nilishone lile koti kabla ya matanga. Si jambo la ajabu. Mjane kushona koti la mumewe."

Nilimsindikiza. Nikodemo alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba, amevaa shati tu ingawa kulikuwa na ukungu. Mkewe, Jenista, akatuletea vigoda. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto. Felista akalileta neno lake taratibu.

"Shemeji, lile koti la Kasiani, niletee nikushonee. Bitana najua imechanika."

Jembe likasimama hewani. Nilimwona Nikodemo usoni. Rangi ilimtoka.

"Umejuaje kama bitana imechanika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nalifua, shemeji."

"Koti sina."

"Umelipeleka wapi?"

"Nimesema sina! Nenda nyumbani kwako, Mama Fausta. Nenda na huyo mzee wako."

Jenista akatusindikiza hadi kwenye mchongoma, akitazama nyuma kila hatua. Akanong'ona, "Dada, mna nini ninyi? Tangu mwezi wa kwanza halivai. Alilichana upande akakuta sijui kitu gani, hakunionyesha. Koti amelitundika kwenye paa la jiko. Hata mimi hataki niliguse."

Tukatembea mpaka barabarani. Lori la Zambia likapita, likaturushia upepo.

"Ameiona," Felista akasema. "Ameijua. Ameificha mpaka Jumamosi ipite."

Na mimi niliamini hivyohivyo.

Wazo la pembe lilikuwa la Yahaya. Alisema rota inataka kitu kisichopitisha umeme, na pembe la ng'ombe halipitishi. Nikapewa pembe, na kipande cha shaba kutoka kwenye kufuli bovu. Nilichonga siku tatu. Nilivunja mbili. Ya tatu ikakaa kwenye distributa kama kofia. Alhamisi mchana Felista akashika handeli, akazungusha mara moja, mara mbili, na mara ya tatu injini ikakohoa, ikatoa vumbi la nyigu na moshi mweusi, ikawaka. Nawaambieni, Fausta alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani baba yake amerudi.

Ilinguruma kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Halafu ikaja harufu ya pembe bichi linaloungua, pa! Kimya. Tulipofungua kifuniko, rota yangu ilikuwa vipande vitatu.

"Chonga nyingine," Yahaya akasema.

"Itapasuka hiyohiyo."

"Itapasuka, ndiyo. Ila huenda ikapasukia barabarani."

*

Ijumaa yote mvua ilinyesha, nami nikachonga rota ya nne. Jumamosi asubuhi ikakatika, lakini mteremko kutoka kwenye migomba hadi barabarani ulikuwa umelowa, udongo mwekundu unateleza hadi mbuzi walikuwa wanashika kwa magoti. Watu wa ukoo walifika wote, wakasali, wakala, wakaketi juu ya magunia matupu kando ya kiwanja. Nikodemo alikuwapo, hana koti. Mkono wake mmoja haukutoka mfukoni mwa suruali.

Mzee Yonathani akainuka. "Mama Fausta. Tunakutazama."

Felista alikuwa amejifunga kanga mbili, kichwani kitambaa cheupe cha msiba. Alitia handeli. Yahaya na mimi tulisimama mbali na mikono nyuma, kama tulivyoamriwa. Mzunguko wa nne gari likawaka. Akapanda, akatia gia, na lile gari lililolala miaka mitatu likajing'oa kwenye mashimo ya tairi zake, likatambaa kupita mbele ya banda la kuku. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Ngoja kwanza," nikajisemea. "Ngoja."

Likafika katikati ya kiwanja. Likafika mguuni mwa mteremko. Hapo nikaisikia ile harufu kabla sijasikia kitu kingine. Pa! Gari likasimama kimya, mvuke ukipanda kutoka chini ya boneti.

Felista alibaki ameshika usukani, anatazama mbele.

Nikodemo ndiye aliyesema kwanza. "Limekufa. Wazee, mmeona wenyewe, limekufa."

Mzee Yonathani akasema, "Sikusema liwake mara ngapi. Nilisema lipande. Jua bado lipo."

"Hata likiwa na siku mbili, baba! Na afadhali lisipande!" Nikodemo akasogea mbele. "Nilitaka kunyamaza. Kwa ajili ya watoto nilitaka aende zake kimya kimya. Lakini mnataka kumwachia nyumba na watoto mtu asiyefaa. Mnajua nilikuta nini katika koti la kaka yangu? Mnajua kimekaa nini kwenye bitana, hapa ubavuni, karibu na kifua kilichomuua?"

Akatoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika kifurushi cha kitambaa chekundu, kimefungwa kwa kamba ya katani. Akakifungua kwa ncha za vidole, akatupa kilichokuwamo katikati ya watu, akaruka nyuma.

"Hirizi! Ameishonea humo mwenyewe! Na juzi alikuja kuidai, akaniambia kabisa bitana imechanika!"

Watu waliinuka. Kina mama wakavuta watoto. Magunia yakakanyagwa. Pale kwenye tope kilikuwa kimelala kitu kidogo, rangi ya ugoro, kina shaba kichwani.

"Subhanallah," Yahaya akasema. "Rota."

"Nini?" Mzee Yonathani akauliza.

"Ni rota, baba. Ya gari."

"Wewe nyamaza!" Nikodemo akamfokea. "Wewe ndiye mganga wake!"

Felista alikuwa ameshashuka. Alitembea pole pole mpaka pale, akapiga magoti kwenye tope, na nadhani wengi walidhani anaomba msamaha. Akanyoosha mkono.

"Msimwache akiguse!" Nikodemo akapiga kelele.

"Mwache," akasema Mzee Yonathani. "Kama ni chake, ana haki ya kukiondoa kwetu."

Akakiokota. Akakipangusa kwa pindo la kanga, akakipuliza, akakitazama upande huu na upande ule. Hakumtazama Nikodemo wala mtu mwingine. Akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akatoa vipande vya pembe akavifunga kwenye pindo la kanga, akakiweka kile kitu mahali pake. Kiliingia bila kusukumwa. Akafunga kifuniko, akabana klipu mbili. Akashika handeli.

Mzunguko wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona sala, ni Jenista. Wa tatu handeli ikampiga mkono, nayo injini ikawaka, si ile ya kukohoa kwa pembe, bali sauti tuliyoijua sote, ile ambayo zamani ukiisikia kutoka Igamba unajua Kasiani anakuja, weka maji motoni.

Felista akapanda. Gari likaanza kupanda mteremko. Urefu wa hatua kumi lilikwenda vizuri, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, likateleza kuelekea kwenye kahawa. Akashika breki. Likasimama limekaa upande, tairi moja pembeni mwa mche.

Akakaa. Injini inanguruma, yeye amekaa, anatazama kiti cha pembeni. Tulisubiri. Nami nikaelewa anasubiri nini. Miaka sita, gari likifika mahali kama pale, mtu mmoja hushuka kufunga friwili. Alikuwa anamsubiri utingo.

Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka amri, nikauma ulimi.

Basi akajua ni yeye wa kushuka. Akavuta breki ya mkono, akaweka gia huru, akashuka na kigingi. Akaliwekea tairi la nyuma. Injini ikaanza kushuka sauti, ikatetemeka kama inayotaka kufa, akairukia kwa mkono kupitia dirishani akaivuta choki, ikarudi. Akazunguka mbele, akapiga magoti, akageuza kifundo cha kulia. Cha kushoto kilikuwa kimeshika kutu. Alikigeuza kwa mikono miwili, kikakataa. Akavua kitambaa cheupe cha msiba kichwani, akakizungushia kile kifundo, akakaza meno. Kikageuka.

Akapanda. Akasukuma gia ndogo. Safari hii magurudumu yote manne yakauma udongo, gari likang'oka pembeni mwa kahawa, likapanda, likatupa tope hadi kwenye suruali za wazee, likapanda, pua ikatokeza barabarani, na lori lililokuwa linatoka Tunduma likapiga honi ndefu ya hasira. Akalisimamisha ukingoni mwa lami. Hakuzima.

Kigelegele sikukisikia vizuri, maana mimi mwenyewe nilikuwa napiga kelele za kizee.

Mzee Yonathani alipanda mteremko ule kwa fimbo, taratibu, mpaka mlangoni mwa gari. Akaweka kiganja kwenye boneti lililokuwa la moto, akakiondoa haraka. "Lipo lami," akasema. "Nyumba ni yako. Watoto ni wako. Hili nalo ni lako." Kisha akamgeukia Nikodemo kule chini. "Na wewe, jifunze gari lina nini ndani."

*

Siku ya nne koti lilikutwa limetundikwa kwenye uzio wa Felista, limefuliwa, bitana imeshonwa kwa mkono wa Jenista. Nikodemo hakuja nalo mwenyewe. Felista hakumpelekea maneno. Alilikunja mara mbili akalitandika juu ya zile springi za kiti cha dereva, likafaa.

Julai nilikuwa njiani kurudi kutoka Isongole, nikamkuta Felista Igamba anapakia magunia ya kahawa. Akanipa nafasi mbele. Tulipofika njia panda ya mashambani tulimkuta Nikodemo amesimama na magunia yake manne, na mvua ya nje ya msimu ilikuwa imelowesha barabara yote. Magari mengine yalikuwa yamekataa kwenda. Felista akasimama.

"Shikamoo, mzee," Nikodemo akanisalimia mimi kwanza, ili asianze na Felista.

"Marahaba."

"Shemeji," akasema sasa, anatazama tairi. "Yanaweza kupakiwa?"

"Pakia."

Akapakia yote peke yake. Felista akainama upande wangu, akafungua mlango wa pembeni. "Panda huku mbele, mzee atasogea. Utalowa."

Nikodemo akatazama ndani, akaliona koti pale kitini chini ya Felista. Akarudi hatua moja.

"Nitakaa nyuma."

"Haya," Felista akasema, akamtupia kigingi dirishani. "Lakini anayekaa nyuma ndiye anayeruka. Tukifika pale mlimani, nikipiga honi, weka hicho kwenye tairi halafu nenda mbele ukafunge friwili. Unaanza na ya kushoto, hiyo ndiyo ngumu."

Tulipofika mlimani Felista alipiga honi. Nikodemo akaruka.